Chapa za Zamani na za Leo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Lebo, Makopo, Pakiti na Karatasi za Kupita

Maswali haya ni ya watu wanaopenda kutazama, kukusanya au kusanifu vifungashio na vichapwa vidogo vidogo. Yameanza na ya msingi, ya pembeni yako mwishoni. Jibu likiwa limekwisha kutolewa mahali pengine, utaelekezwa kwenye namba yake.

## Mambo ya msingi

1. Ni vitu gani hasa vinahesabika?

Kila kilichochapwa ili kitumike kisha kitupwe: lebo ya kiberiti, pakiti ya chai, kopo la kahawa, mfuko wa unga, karatasi ya peremende, tiketi ya basi, stakabadhi, kadi ya mwaliko wa harusi, kalenda ya ukutani ambayo mwenye duka huwagawia wateja Desemba. Vitabu, sarafu na stempu vina wakusanyaji wao. Kanga ina swali lake, namba 18.

2. Kwa nini neno "chapa" linatumika kwa mambo mawili?

Kwa sababu ni mambo mawili yaliyozaliwa pamoja. Neno lenyewe lina asili ya Kihindi, na Kiswahili kimelipa kazi zote mbili: kupiga chapa ni kuchapisha, na chapa ni alama inayotambulisha bidhaa. Tunasema "unga chapa jogoo", na hapo hapo tunasema "mpigachapa". Anayetaka kuelewa vifungashio aanzie hapo. Kwa muda mrefu mnunuzi hakusoma jina, alisoma picha. Mtoto alitumwa dukani aambiwe "lete ile ya ndovu" au "ile ya jogoo", na lebo iliyochorwa vizuri ilimrudisha nyumbani na kitu sahihi.

Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha kifungashio chochote, cha mwaka 1920 au cha jana. Kiweke rafuni, rudi nyuma hatua tatu, jiulize kama mtoto aliyetumwa angekitambua. Uzuri mwingine wote unakuja baadaye.

3. Nipeni mfano mmoja wa kuuangalia kwa karibu.

Chukua kopo la sharubati nzito ya sukari la Lyle's Golden Syrup kutoka Uingereza. Sura yake ni ya mwaka 1885. Ni kijani na dhahabu tu. Katikati kuna simba, na watu wengi hudhani amelala. Tazama tena: amekufa, na wanaomzunguka ni nyuki. Ni kitendawili cha Samsoni katika kitabu cha Waamuzi, kuhusu utamu uliotoka ndani ya mwenye nguvu. Picha ya mzoga kwenye chakula isingepita leo katika kikao chochote cha masoko, lakini imedumu kwa sababu umbo lake halifanani na la jirani yeyote rafuni. Mwaka 2024 kampuni ilibadilisha nembo kwenye bidhaa zake nyingine, kopo la asili likaachwa na simba wake.

Mfano wa pili ni mdogo kama kidole gumba: kiberiti cha Solstickan cha Sweden, kilichochorwa na Einar Nerman mwaka 1936. Ni mtoto mtupu anayetembea chini ya jua. Hakuna kivuli, hakuna mandhari, ni mstari na rangi bapa. Picha inayochapwa kwenye eneo la takribani milimita 50 kwa 35 haina nafasi ya maelezo mengi, na Nerman hakujaribu kuyaingiza.

## Kusoma uchapaji

4. Nitajuaje lebo imechapwa kwa njia gani?

Nunua kioo cha kukuzia mara 10, kile cha mafundi saa. Kiweke jichoni, kisha sogeza lebo mpaka ionekane wazi. Angalia sehemu mbili, ukingo wa herufi na eneo lenye rangi hafifu.

Ukiona ukingo wa herufi una utepe mweusi zaidi kuliko katikati, na nyuma ya karatasi kuna mbonyeo ukipapasa, hiyo ni herufi za risasi au kibao. Wino umesukumwa pembeni na mgandamizo.

Ukiona chembechembe zisizo na mpangilio, kama chaki iliyosuguliwa kwenye ukuta, au nukta zilizowekwa kwa mkono zenye ukubwa tofauti tofauti, hiyo ni litografia ya jiwe. Alois Senefelder aliivumbua huko Bavaria mwaka 1796: mafuta na maji havichanganyiki, basi chora kwa mafuta juu ya jiwe, lowesha, paka wino. Mwaka 1837 Godefroy Engelmann alipata hataza ya kuichapa kwa rangi nyingi, kila rangi na jiwe lake. Lebo moja ya sigara au sabuni ingeweza kupitia mawe 8 au zaidi, na ndiyo maana vivuli vyake vina ulaini ambao mashine za baadaye hazikuurudisha.

Ukiona nukta zilizojipanga kama vijiua, za samawati, majenta, njano na nyeusi, hiyo ni ofseti ya rangi nne, njia ya kawaida ya kadi na karatasi hadi leo. Duara lenye pete ya wino pembezoni, hasa kwenye plastiki, ni fleksografia, yaani bamba la mpira. Wino mnene unaoinuka ukiugusa kwa ukucha ni skrini, yaani wino uliosukumwa kupitia kitambaa chenye matundu. Vitone vilivyomwagika bila utaratibu ni printa ya wino ya mezani, na hapo ruka hadi swali la 14.

5. Makopo ya bati nayo yalichapwaje?

Jiwe gumu haligusani vizuri na bati gumu. Robert Barclay wa London alipata hataza mwaka 1875 ya kupitisha picha kwanza kwenye silinda iliyofunikwa kwa kadi maalumu, kisha kutoka hapo kwenye bati. Yaani ofseti ilianza kwenye makopo ya biskuti na chai kabla haijafika kwenye karatasi.

6. Rangi imetoka nje ya mstari. Ni kasoro au ni thamani?

Kwa lebo za bei nafuu ni hali ya kawaida, haipandishi wala haishushi thamani. Karatasi hupita mashineni mara moja kwa kila rangi. Ikivuta unyevu kati ya mpito wa kwanza na wa pili inatanuka, na rangi ya pili inakosa mahali pake kwa nusu milimita au zaidi. Mafundi walijikinga kwa kuchora mstari mweusi mnene kuzunguka umbo ili ufiche pengo. Ule mstari tunaoupenda leo kama mtindo ulikuwa kinga.

7. Kwa nini lebo zenye rangi mbili tu zinapendeza kuliko za rangi zote?

Kila rangi ilikuwa gharama, kwa hiyo ilibidi ifanye kazi. Weupe wa karatasi ulihesabiwa kama rangi. Njano ikipigwa juu ya bluu ilitoa kijani bila kulipia mpito wa tatu. Sivakasi, mji wa Tamil Nadu nchini India ulioanza viberiti miaka ya 1920, uligeuka mji mkubwa wa uchapaji kwa sababu viberiti vilihitaji lebo. Chui, tausi na matreni ya Sivakasi yamejengwa kwa rangi bapa mbili tatu na yanasomeka ukiwa ng'ambo ya barabara.

Anayetafuta nidhamu hiyo leo asiende mbali, aende kwa muuza nafaka. Kiroba cha kilo 25 au 50 kilichofumwa kwa plastiki hakipokei picha ya nukta ndogo, nyuzi zinaivunja. Msanifu analazimika kurudi kwenye mnyama mmoja, rangi tatu na herufi nene. Kwa maoni yetu viroba vya sembe, mchele na chakula cha kuku vina usanifu bora kuliko pakiti nyingi za kung'aa za supamaketi.

## Kukadiria umri

8. Lebo haina tarehe. Nifanyeje?

Usitegemee mtindo wa herufi, kiwanda kinaweza kubaki na sura moja miaka 60. Tafuta vitu vinavyobadilishwa na sheria.

Anza na jina la nchi. Deutsch-Ostafrika ni kabla ya utawala wa Waingereza. Tanganyika Territory ni kuanzia 1920 hadi uhuru wa 1961. Tanganyika peke yake hukomea 1964, kisha Tanzania. "British East Africa" kwa upande wa Kenya ni kabla ya 1920, mwaka ilipofanywa koloni.

Fuata bei kama imechapwa. Rupia bara ni kabla ya 1920, lakini Zanzibar ilitumia rupia hadi mwisho wa 1935, kwa hiyo pakiti ya Unguja yenye bei ya rupia inaweza kuwa ya 1934. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921. Uzito wa wakia na ratili unaonyesha kipindi cha kabla ya gramu na kilo.

Halafu alama za ubora. Shirika la viwango la Kenya, KEBS, lilianzishwa 1974 na la Tanzania, TBS, 1975. Alama yao ikiwepo, kifungashio hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Msimbopau ni kigezo kingine: bidhaa ya kwanza kusomwa dukani kwa msimbopau ilikuwa pakiti ya bazoka ya Wrigley's huko Ohio, Marekani, tarehe 26 Juni 1974, na kwetu milia hiyo ilienea miaka mingi baadaye. Anwani ya tovuti ni mwisho wa miaka ya 1990 na kuendelea.

Kuna mtego mmoja. Vigezo hivi vinakupa mwaka wa mapema kabisa, si wa mwisho. Viwanda vilimaliza shehena ya lebo za zamani kabla ya kuagiza mpya, kwa hiyo jina la nchi lililopitwa linaweza kuwa limebandikwa miaka miwili mitatu baada ya kufutwa.

9. Msimbopau ukianza na 620 maana yake bidhaa imetengenezwa Tanzania?

Hapana. 620 ni ofisi ya Tanzania iliyotoa namba hiyo, 616 ni ya Kenya, 890 ni ya India. Kampuni iliyojiandikisha Nairobi inaweza kufungasha popote. Soma maneno "imetengenezwa na" au "imefungashwa na".

10. Fomu na stakabadhi za serikali je?

Hizo ni rahisi kuliko zote. Tazama mstari mdogo kabisa chini ya ukurasa. Kwenye fomu za Kenya utakuta herufi GPK (mchapaji wa serikali ya Kenya), namba ya fomu, idadi iliyochapwa ambapo "m" ni elfu, na mwezi na mwaka. Mstari unaoishia "10m–6/85" unasema nakala 10,000, Juni 1985. Usiukate unapopunguza kingo.

## Kubandua, kusafisha na kuhifadhi

11. Nabanduaje lebo ya kiberiti bila kuichana?

Kwanza hakikisha ni lebo. Maboksi ya zamani yalikuwa ya ganda jembamba la mbao na karatasi ikabandikwa juu. Mengi ya sasa yamechapwa moja kwa moja kwenye kadi, na hayo hayabanduliwi. Yafungue kwenye mshono wa gundi uyalaze bapa.

Kwa lebo halisi, toa njiti zote. Lowesha pamba kwa maji, gusa kona yenye rangi nyekundu au zambarau, hesabu hadi 30. Pamba ikipata rangi, acha boksi zima lilivyo, wino huo utatiririka. Isipopata rangi, elekeza lebo chini ndani ya sahani yenye maji vuguvugu, si ya moto, kwa dakika 10 hadi 20. Gundi ya wanga inalegea yenyewe. Lebo itakapoanza kuelea, usiivute kwa kucha. Ingiza karatasi ngumu ya plastiki chini yake uinyanyue nayo. Iweke uso chini kwenye kitambaa cheupe cha pamba, futa gundi iliyobaki mgongoni kwa brashi laini, kisha ibane kati ya karatasi za kunyonya chini ya vitabu kwa siku 2. Ukiianika juani itajikunja kama jani la mkungu.

Lebo ya chupa ya bia au soda inafuata njia hiyo hiyo, ila jaza chupa maji ya moto kiasi kwa ndani pia, na ongeza kijiko cha magadi kwenye beseni. Stika za sasa zenye gundi ya kujishikiza hazitoki kwa maji. Zipashe kwa mashine ya kukaushia nywele na uzivute taratibu kwa pembe ndogo.

12. Kopo lina kutu. Nisugue?

Usisugue kwa chuma wala mchanga, wala usipake tina. Picha ya bati ni tabaka jembamba mno la wino na vanishi, na tina inaiyeyusha kabla hujashtuka. Tumia pamba yenye unyevu kidogo na tone la sabuni laini, futa eneo la sentimita 2 kwa wakati mmoja, kausha mara moja. Kutu iliyokwisha kula rangi hairudi. Izuie isiendelee kwa kuweka kopo pakavu.

13. Ninaishi pwani. Karatasi zangu zinaota madoa ya kahawia.

Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja adui mkubwa ni unyevu, na ukungu hustawi unapopita takribani asilimia 65. Pima kwa kipimaunyevu kidogo. Usiweke makasha kwenye ukuta wa nje wala sakafuni, yainue sentimita 15. Tumia sanduku la plastiki lenye mfuniko wa mpira, weka pakiti za silika ndani, na zikaushe kila zinapojaa maji. Usifunge karatasi zikiwa bado na unyevu, utakuwa umefungia ukungu ndani.

Mende wanafuata wanga wa gundi, mchwa wanafuata karatasi yenyewe. Ukikuta dalili, funga kila kitu ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Ukitoa, usifungue mfuko kwa saa 24 ili umande utue nje, usitue kwenye lebo.

Epuka albamu zenye kurasa za PVC. Zinatoa harufu kali, kisha zinanata na kunyonya wino. Poliesta, polipropilini na mifuko ya poliethilini ni salama. Laminesheni usiifanye kamwe, joto na gundi yake havitoki tena. Selotepu nayo hivyo hivyo.

Nakala ya kidijitali ni bima. Skani kwa dpi (nukta kwa inchi) 600 angalau. Lebo ya milimita 50 itakupa pikseli 1,181 kwa upana, inatosha kusoma nukta. Zima urekebishaji wa rangi wa kujiendesha, weka rula pembeni, hifadhi TIFF.

## Asili au nakala

14. Nimeuziwa bango "la kale". Nitathibitishaje?

Weka kioo cha kukuzia kwenye herufi nyeusi au mstari mwembamba. Kwenye kazi ya asili ya litografia, herufi ni wino mzima. Kwenye nakala iliyopigwa picha na kuchapwa upya, hata mstari ule umevunjika kuwa nukta, kwa sababu mashine iliona picha ya mstari badala ya mstari. Kipimo hiki peke yake hukamata nakala nyingi zinazouzwa kwa watalii.

Kisha ingia chumba cha giza na tochi ya kukagulia noti. Karatasi nyingi za baada ya miaka ya 1950 zina kemikali ya kung'arisha weupe na zitawaka bluu. Bango la "1925" likiwaka hivyo, rudisha. Likikaa kimya bado si ushahidi kamili, karatasi za bei ya chini za leo nazo huenda zisiwake. Tazama pia uchakavu: karatasi iliyozeeka yenyewe hugeuka kahawia kuanzia kingoni, iliyochovywa kwenye chai ina kahawia sawasawa kote.

15. Bei ya haki ni ipi?

Hali kwanza, uhaba pili, umri tatu. Lebo ya 1970 iliyo nzima, yenye jina la mchapaji chini, mara nyingi ina maana kuliko ya 1930 iliyokatwa kingo.

## Usanifu wa leo

16. Kuna cha leo kinachostahili kuhifadhiwa?

Kipo kingi, na kinapotea haraka kuliko cha zamani. Tanzania ilipiga marufuku pombe za viroba tarehe 1 Machi 2017, na zile pakiti ndogo zenye rangi kali zilizotapakaa stendi zikatoweka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017, Tanzania bara Juni 2019. Ikazaliwa mifuko ya kitambaa kisichofumwa, iliyopigwa skrini ya rangi moja au mbili, yenye nembo za maduka, picha za wagombea na salamu za harusi. Chukua moja safi ya kila aina, andika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi mahali na tarehe, weka pamoja.

17. Nasanifu pakiti kwa mtindo wa zamani. Nini huharibika kiwandani?

Maandishi madogo meusi yaliyotengenezwa kwa rangi nne. Mashine ikisogea kidogo yanakuwa na vivuli, kwa hiyo tumia nyeusi peke yake. Maandishi meupe juu ya rangi nyingi yana tatizo hilo hilo, yaongezee unene. Acha milimita 3 za rangi nje ya mstari wa kukata.

Msimbopau usiupake nyekundu ili ufanane na lebo. Visomaji vingi hutumia mwanga mwekundu, milia nyekundu haionekani kabisa. Saizi kamili ya EAN-13, msimbopau wa kawaida wa tarakimu 13, ni milimita 37.29 kwa 25.93, na usishuke chini ya asilimia 80 ya hapo. Kwenye mfuko laini ugeuze ili milia ifuate uelekeo ambao plastiki inapita mashineni.

Na alama ya ng' iwe kitone cha juu kinachoinamia kushoto, sawa na mkato ulioinuliwa. Pakiti nyingi za maziwa na nyama zina "ng`ombe" yenye alama iliyogeuka, kwa kuwa mchapaji alibonyeza kitufe kilichokuwa karibu. Mlipia tangazo hagundui, msomaji wa Kiswahili anagundua.

## Mambo ya pembeni

18. Kanga ni kichapwa?

Ni kitambaa kilichochapwa chenye pindo, mji na jina, kwa hiyo sheria nyingi za hapa zinakihusu: rangi chache, umbo moja la katikati, herufi kubwa. Tazama ukingoni. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, biashara iliyoanza 1887, zina maandishi madogo "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Hiyo ni lebo iliyohamia kwenye bidhaa yenyewe. Kuhifadhi ni tofauti, usitumie swali la 11.

19. Naweza kuchapa lebo ya zamani kwenye fulana niuze?

Umri haukulindi. Alama ya biashara inahuishwa bila kikomo: pembetatu nyekundu ya bia ya Bass ilisajiliwa Uingereza tarehe 1 Januari 1876 ikiwa ya kwanza, na bado ina mwenyewe. Angalia daftari la alama za biashara la nchi unayouzia kabla ya kulipia skrini.

20. Nimepata pakiti ya kikoloni yenye picha inayomdhalilisha Mwafrika. Niitupe?

Usiitupe na usiipambe ukutani. Sabuni, chai na kakao za Ulaya ziliuzwa kwa picha za watumishi na "washenzi" wanaoogeshwa, na ni ushahidi wa jinsi bidhaa zile zilivyouzwa na kwa nani. Ihifadhi kama nyingine, na kwenye bahasha yake andika inaonyesha nini, nani aliitoa, na ilikuwa ikiuza nini. Ukiionyesha hadharani, maelezo hayo yatangulie picha.